Operesheni Isiyo na Kovu

Somoe hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na mumewe alilijua hilo tangu siku ya posa. Luqmani aliporudi Makambako akasema ametibiwa mgongo huko Dar es Salaam na kuruhusiwa siku hiyohiyo, mkewe alimwambia neno moja tu.

"Vua shati."

Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua mgongo kama anayechagua nyanya sokoni. Hakukuwa na mshono wala bandeji. Kiunoni kulikuwa na vidoa vichache tu, kama vya kuumwa na viroboto.

"Hii ndiyo operesheni, Baba Rukaiya?"

"Wanaingiza sindano, mke wangu. Daktari anaangalia kwenye skrini mpaka aufikie mshipa mdogo wa fahamu unaopeleka maumivu, anauunguza. Ila nafuu nisubiri wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa!" Somoe alicheka bila furaha. Dada yake alipopasuliwa tumbo Njombe alirudi na kovu ambalo kila mgeni alionyeshwa. Huyu wake kaenda peke yake, karudi ananukia sabuni ngeni.

Kiuno cha Luqmani kilimalizwa na viazi vya Matamba, miaka mingi ya kuvisafirisha kwa lori la Fuso kwenye makorongo ya huko. Hata swala akawa anaiswali amekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu. Aliona aibu na kile kiti. Alikuwa akisema akijaliwa kusujudu tena hataomba kingine.

Siku zikapita, Luqmani anaamka akijishika kiuno vilevile. Kisha ghafla akaanza kufunga kamba za viatu mwenyewe, tena akipiga mluzi. Mluzi ndio uliomkosesha Somoe usingizi. Mchana mmoja, mume yuko bafuni, simu yake ikaita. Akaipokea.

"Mimi ni Consolata. Luqmani anaendeleaje? Namfuatilia."

"Unamfuatilia? Basi umempata!" Akakata.

Hakutaka maelezo ya mtu. Aliteremsha begi kutoka juu ya kabati, akarundika kanga zake humo huku machozi ya hasira yakimtoka. Angelala kwao, na talaka ingemfuata.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Sebuleni akasikia kile kiti kikiburutwa, kama kila siku. Lakini hakusikia mtu akikikalia. Akachungulia mlangoni, simu bado mkononi.

Kiti kilikuwa kimesukumwa ukutani. Luqmani yuko chini kwenye msala, paji la uso limegusa sakafu, hainuki.

"Baba Rukaiya! Umekwama?"

Alipotaka kumkimbilia, Luqmani akainuka mwenyewe bila kushika kitu, ndevu zimelowa machozi. Akatulia kidogo, akashuka tena.

Somoe akaingia, akakaa kwenye kile kiti cha bluu. Simu ikaita tena mkononi mwake.

"Ni Consolata tena, muuguzi wa hospitali. Simu ilikatika. Naulizia mgongo wa mgonjwa wetu."

"Nisamehe, dada yangu," Somoe akanong'ona. "Hawezi kuongea sasa hivi. Amesujudu."