Mashine ya Harusi na Sumaku za Binti Yangu

Shule niliiacha darasa la tatu. Mengine nilijifunzia Kamituga, ndani ya shimo la dhahabu, na shimo hilo ndilo lililonipa nyumba ya matofali hapa Bukavu, duka la video za harusi, na mashine iliyokuwa ndani yake, kompyuta kubwa. Kijana wangu wa kwanza alikuwa akikatia filamu kwenye mashine hiyo, lakini niliyeinunua ni mimi, tena yenye carte graphique, ile kadi ya picha, ya nguvu, kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa ikilala katikati ya kukata picha za misa.

Binti yangu alikuwa anamaliza fizikia chuoni. Kazi yake ya mwisho ilidai hesabu ambayo ordinateri yake ndogo ilikuwa inaikokota, na siku ya kusimama mbele ya maprofesa ilikuwa imekaribia. Bila hesabu, anarudia mwaka. Nami nilishamwambia: mwaka wa kurudia, ujilipie.

Akaja dukani. "Papa, naomba mashine ya yaya."

"Tangu lini kaka yako mkubwa ana mashine?"

"Basi, mashine yako. Kuko programu ya kuhesabu sumaku. Inakimbiaka tu ku carte graphique."

"Sumaku naijua kukupita. Nilitoa nayo muchanga mweusi mu dhahabu mbele uzaliwe."

"Mu ile muchanga, papa, kila punje iko na sumaku ndogondogo ndani, mingi sana, zinazunguka na kusukumana. Nataka kujua zinageukaka namna gani."

Kaka yake akapasuka kicheko. "Benzake banahesabu batoto, ye anahesabu sumaku!"

Mimi pia nilicheka. Halafu nikampa mashine, kwa siku zisizo na harusi.

Akaweka programu yake. Ikamjibu kwamba haioni carte yoyote.

"Carte iko humo," nilisema. "Niliishika na mikono yangu."

"Iko, papa. Ni pilote yake ya zamani." Pilote ni kile kiprogramu kinachoiwezesha mashine kusemezana na carte. Akaanza kuvuta mpya kwa intaneti ya simu. Umeme ukakatika, akaanza upya. Ukakatika tena. Mimi nilikaa nyuma yake na chai yangu. "Dokta, dhahabu imeonekana?" Shimoni ndivyo tunavyofanya, mchimbaji hapewi pole kabla hajatoa jiwe. Akalia, akajifuta kwa kitenge, akaendelea. Hilo nililipenda. Sikumwambia.

Mwishowe ventilateri, feni ya mashine, ikaanza kunguruma na kioo kikajaa vishale vya rangi. "Angalia, papa! Kwangu hii ilikuwa inakula siku muzima." Niliangalia. Chuma hakigeuki chote pamoja. Kishale kimoja cha pembeni kinayumba, jirani yake anamfuata, halafu wote. Ndivyo watu wanavyokimbia shimo likianza kulia.

Kazi kamili ilikuwa ingali inakwenda kaka yake alipoingia na picha za harusi. Programu yake ya kukatia filamu, nakala ya kizamani, haikukubali pilote mpya. Haikufunguka hata kidogo.

"Rudisha ile ya zamani! Mama ya bibi-harusi iko njiani!"

"Nikirudisha, hesabu inakufa. Yaya, nipe mpaka kesho, nitatengeneza byote."

Wote wawili wakanigeukia. Kijana alikuwa anatabasamu. Ni mkubwa wao, amebeba jina langu.

Mashimo mawili yakikutana chini ya ardhi, kule hatuulizi nani mtoto wa nani. Tunashuka tunaangalia. Aliyefika mbali anaendelea, mwingine anapandisha vyombo vyake, siku hiyohiyo. Timu mbili katika shimo moja zinauana.

"Miaka yote umekaa na hii mashine," nilimuuliza kijana, "ulijua pilote ni kitu gani?"

"Papa, mi niko nafanya harusi."

"Pandisha vyombo."

Alidhani namtania. Binti akanishika mkono. "Hapana, papa. Sikuomba vile. Kesho tu!"

"Wewe hesabu."

Nikamnyang'anya kijana ufunguo wa duka wakati mama wa bibi-harusi akiingia mlangoni.

"Muzee, na filamu yetu?"

"Mulikuwa ku harusi. Hamukuiona?"

Binti alifaulu vizuri sana. Vishale vyake vilionyeshwa ukutani, mimi nikiwa kwenye kiti cha mbele na tai shingoni. Baadaye aliwasalimu maprofesa wote, kisha mama yake, kisha akatoka.

Kijana yuko Shabunda, anachimba katika mashimo ya wengine, kwa magoti ambayo hayajawahi kuchuchumaa. Binti aliniomba mara moja nimwite arudi. Nilimjibu kwamba akigusa mshipa wa dhahabu atarudi mwenyewe. Na leo ningeamua vilevile.

Mashine iko chumbani mwa binti. Ventilateri yake inasikika hadi sebuleni, kwa hiyo najua haiwashi nikiwa nyumbani. Nikirudi kutoka mjini nikiwa bado getini, naisikia ikinguruma. Nikifika mlangoni, kimya.