Fungu la Bi Tatu

Siku moja haijanitoka, mwanangu, na kwa umri huu naona tutazikwa pamoja: siku baba yangu, yaani babu yako, na kaka yake walipokaa kugawana shamba la baba yao. Nataka nikusimulie kabla sijakujibu hilo ulilolijia. Keti. Chai yako ya karak isipoe. Magoti yamechoka, na moyo nao una uchovu wake, lakini ulimi bado unanitii.

Shamba lenyewe lilikuwa nje kidogo ya Malindi, minazi upande wa juu, mikorosho upande wa bahari. Huwa tunasema aliyelipanda ni babu yangu. Ni mazoea ya mdomo tu, maana mkono wake haukushika jembe. Alikuwa na watumwa. Hatukulificha jambo hilo, ila hatukulisema. Ukoo wetu ulilipita kama mtu anavyopita makaburini, kwa kuharakisha. Babu alikufa kabla sijazaliwa, na shamba likakaa miaka mingi bila kugawanywa, kila mtu akila nazi zake, mpaka Ami Athmani, mkubwa wao, alipotaka kilicho chake.

Wakati huo nilikuwa mwari niliyeposwa. Baba aliniahidi kuwa upande wa mikorosho utakuwa wangu nikiolewa. Na upande huo ndiko alikokaa Bi Tatu na wanawe. Bi Tatu alizaliwa pale pale shambani, mama yake akiwa mtumwa wa babu, na mpaka siku ile maisha yake yote yalikuwa jikoni mwetu. Ndiye aliyembeba baba mgongoni alipokuwa mchanga. Ndiye aliyenisuka mimi nywele. Tulimpenda, mwanangu, lakini kama mtu anavyokipenda kitu alichokikuta nyumbani.

Maalim aliyeitwa kugawa mirathi aliketi barazani, akauliza kama iulizwavyo siku zote, "Marehemu aliacha watoto wangapi?"

"Wawili," akajibu Ami. "Mimi na huyu."

Nyanya, mjane wa babu, alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mimi nilikuwa kando yake nikimpepea. Nikamsikia akisema, wala hakupaza sauti, "Watatu."

Ami akacheka kidogo. "Mama, umri umekuchosha."

"Umenichosha miguu. Macho yangu yaliona kabla wewe hujazaliwa. Tatu ni wa baba yenu. Mama yake alikuwa suria wake humu humu ndani, nami ni bibi harusi wa juzi. Mtoto alipozaliwa, baba yenu alimwadhinia kwa kinywa chake, akaniambia mimi: huyu ni wangu. Nikanyamaza kwa wivu. Kisha nikaendelea kunyamaza kwa kuzoea."

Hakuna aliyejua kwamba Bi Tatu amesimama ukumbini na sinia la kahawa. Alikuwa mtu mzima tayari, mvi zimejaa. Akamtazama nyanya.

"Bibi, ulijua siku zote hizi?"

"Nilijua."

"Ungeniambia zamani, nilipokuwa na nguvu za kukasirika. Sasa nimechoka."

Akaliweka sinia chini, akatoka polepole. Kahawa ile hakuna aliyeinywa.

Maalim alisema lake bila kumtazama mtu. Mtoto wa suria ni mtoto. Sheria haiulizi mama yake alipatikanaje. Ana fungu la binti, na bila fungu hilo yeye Maalim hagawi. Ami akainuka. "Sigawani mali ya baba yangu na mtu anayenitekea maji." Na kweli, baadaye alimtafuta mwingine, mwepesi wa dini, akawagawia kwa wawili. Mwenye pupa hakosi mwalimu wa kumsomesha anachokitaka.

Jioni ya siku ya mgao huo baba aliniita. Akaniambia kwamba upande wa mikorosho, uliomwangukia yeye, amempa dada yake. Hivyo ndivyo alivyosema, "dada yangu", na neno lilimkwama kidogo kwa ugeni wake. Nikamuuliza, "Na mimi je, Baba?"

Hakunikaripia. Alisema, "Wewe nilikubeba mimi. Mimi alinibeba yeye."

Basi. Nikaolewa bila mkorosho hata mmoja.

Usidhani mambo yalinyooka, mwanangu. Bi Tatu hakupika tena jikoni mwetu. Idi iliyofuata alikuja kwa mlango wa mbele, akaketi sebuleni na buibui lake jipya, na sote hatukujua tuseme naye nini. Ami hakusema na baba mpaka baba anakufa. Mazikoni alisimama mbali kama mpita njia. Wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana kabla ya mavuno. Nami nimelima, nimevuna, nimelima tena, nimezeeka, na wale hawakupatana. Minazi ya Ami iliuzwa kipande kwa kipande. Ana mjukuu hapa hapa Al Wakrah, kando ya Doha, dereva kama wewe. Tukikutana dukani hunitazama kama ukuta.

Mimi nilipofiwa na mume nilikuja huku Doha kulea watoto wa watu. Nimewabeba mgongoni, nimewalaza kwa nyimbo za kwetu, na wakikua hunipita. Hapo ndipo mgongo wangu ulipomwelewa Bi Tatu. Sijilinganishi naye, hata kidogo. Mimi nililipwa, na nilikuwa na kwetu pa kurudi. Yeye kwao palikuwa pale pale alipofanywa si mtu.

Sasa umekuja na ujumbe wa ndugu zako. Mnunuzi amepatikana, anautaka upande wa mikorosho. Baba aliutoa kwa mdomo, mbele ya watu ambao wote wamekufa, na hati bado ina jina lake. Kwa hiyo mnasema ni wenu, na wajukuu wa Bi Tatu mnawaita maskwota, watu waliokalia ardhi isiyo yao. Limebaki neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho kati ya watoto wa baba. Tena umeniambia, "Shangazi, mavi ya kale hayanuki." Hayanuki, mwanangu, mpaka yachokorwe. Na nyinyi mmeshika kijiti.

Neno langu ni hapana. Wale si maskwota, ni damu yenu, na hata wasingekuwa damu yenu, jasho la bibi zao ndilo lililomwagilia kila mti mnaouhesabu. Ukirithi shamba umerithi na lililotendwa ndani yake. Huwezi kuchukua nazi ukaacha kilio. Nendeni mkaiandike hati kwa majina yao nikiwa hai, nitie kidole changu. Msiwangoje waje kuomba. Aliyedhulumiwa akiombeshwa haki yake, amedhulumiwa mara ya pili. Ndugu zako watakununia. Vumilia.

Haya, inuka, zamu yako inakaribia. Mungu akupe riziki isiyo na machozi ya mtu ndani yake, akupe watoto watakaokutaja bila kuinamisha macho, na akurudishe nyumbani salama, ukaribishwe na wote walio wako.