Kipengele cha Tisa

Miaka miwili nimeikwepa aibu hii, na leo naisema mwenyewe kabla hamjaisikia Hedaru, maana huko mpaka wapiga debe wanaijua.

Mimi ndiye niliyeandika mkataba wa kukarabati kanisa letu la mawe kule Mhezi, lile walilojenga babu zetu kwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kila kaya na mawe yake kichwani. Kuandika ni neno la heshima tu. Kamati ilinipa ukatibu kwa sababu nilikuwa mwalimu (wa hesabu, lakini kwetu mwalimu ni mwalimu), nami badala ya kukaa na wazee tukubaliane kipi kinabaki na kipi kinatoka, nikateremka Same, nikaingia steshenari moja yenye mkataba wa vyoo vya shule kwenye kompyuta, nikamwambia binti wa pale afute "vyoo" aweke "kanisa".

"Mwalimu, hutausoma kwanza?"

"Printi tu, mwanangu, gari la Mhezi linaondoka."

Gari lenyewe liliondoka baada ya saa nzima, nimekaa ndani yake nakula ndizi, bahasha iko magotini, sikuifungua.

Jumapili tukasaini mbele ya usharika, nikapigiwa makofi nikayapokea yote. Mama yangu akanishika mkono. Ule mlango mkubwa wa mti wa mkulo aliuchonga baba yake, na siku zote husema kwamba siku yake ikifika atatolewa kanisani kwa mlango wa baba.

"Mlango wangu je?"

"Ondoa shaka, mama. Kila kitu kimo kwenye mkataba."

(Na kweli kilikuwemo.)

Mkandarasi alipoomba watu wa kusaidia kushusha mbao za zamani, ni nani aliyetangaza msaragambo? Ni mimi, kwenye kundi la wasapu, na asubuhi nikapuliza baragumu kwa mdomo wangu huu, watu wakaacha mashamba yao wakaja, akina mama na ngata zao, wanaume wanane wakabeba ule mlango mpaka kwenye lori, Mama anafuata nyuma anaimba, nami nasimama pembeni naelekeza na kuwaambia watu kwamba vitu vyote vinakwenda kutiwa dawa ya mchwa. Nani aliniambia habari ya dawa? Hakuna. Niliona tu kwamba katibu lazima awe na jibu.

Siku ya kukabidhiwa jengo, bati jipya linang'aa na mlango wa chuma umepakwa rangi ya kijani, Mzee Mbonea, mmoja wa wazee wa kanisa, akasimama akauliza ule wa zamani unarudi lini. Mkandarasi hata hakukasirika. Akanipa karatasi. "Katibu awasomee kipengele cha tisa."

Nikasoma. Vifaa vyote vya zamani vitakavyotolewa kwenye jengo vitahesabiwa kuwa kifusi, na kifusi ni mali ya mkandarasi. Chini yake, sahihi yangu, nzuri, yenye mkia.

Mzee Mbonea akakaa polepole. "Na sisi wenyewe ndio tuliompakilia," akasema.

Sikumtazama Mama. Kesho yake nikashuka Hedaru, ambako lori lilipeleka mbao, nikatafuta kila penye mbao, mpaka kijana mmoja fundi akanipa shikamoo na kuniambia kwa furaha kabisa kwamba ule ulikuwa mti wa maana, ulitoa vitanda vinne, na vyote vimeshapata wenyewe. Akanipa bawaba moja iliyobaki. Nilipanda nayo mlima nikilia mbele ya abiria, mtu mzima.

Tangu hapo siweki sahihi kwenye karatasi nisiyoisoma, hata ile ya mahudhurio ya kikao, na wanaonisubiri wanisubiri. Lakini nani anafaidika na tahadhari hiyo sasa?

Mwezi uliopita Mama aliniita na daftari. Bawaba iko dirishani kwake, hajawahi kuisema.

"Andika. Siku yangu msinipitishe kwenye mlango ule wa chuma. Nitolewe kwa mlango mdogo wa wanakwaya."

Nikaandika.

"Sasa soma."

Nikasoma.

"Tena, mwanangu. Mpaka mwisho."

Nikasoma mara tatu, ndipo akachukua kalamu.