Uvimbe wa Paka Wangu

Ndugu zangu, tangu juzi nikimwona paka nageuza njia. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kahawa ya kijiji chetu cha ujamaa, huku Ukata. Ni mimi niliyetangaza kwamba kahawa yote iende ghala la kijiji, na atakayeficha hata kikombe nyumbani ni mnyonyaji.

Asubuhi hiyo nilimpapasa paka wangu, nikarudisha mkono haraka. Uvimbe! Mgumu, vinundu vinundu, umetapakaa kutoka mgongoni hadi tumboni. Sikuthubutu kuchungulia chini ya manyoya. Nilimtia kikapuni nikakimbia naye ghalani, ambako bwana mifugo alikuwa akizungumza na wanakijiji.

“Bwana mifugo, msaidie kabla hajatuambukiza!”

Watu wakarudi nyuma. Bwana mifugo akapangua manyoya, akavuta. Kinundu kimoja kikabanduka. Akakinusa, akakiinua juu wote waone: punje ya kahawa iliyomenywa, imegandia manyoyani kwa ute wake unaonata.

“Mwenyekiti, huyu paka analala wapi?”

Nilishika kikapu niondoke. Mke wangu, aliyenifuata akilia, akanijibia:

“Uvunguni mwa kitanda, baba. Kwenye beseni la kahawa la mwenyekiti.”