Maharage Yanaungua

Jirani yetu wa Nkuhungu aliuza mitumba sokoni Majengo, miaka ile marobota yalipoanza kumiminika. Jioni alimsomea bintiye Elieth mkekani, sauti ikishuka kadiri fisi wa hadithini alivyolikaribia zizi. Fisi akifika mlangoni tu, mama hushtuka, "Maharage yanaungua," akatoka mbio, kitabu kikabaki wazi. Mimi nilidhani hajui kupika. Siku moja nilipitia uani kuomba moto, nikamkuta jikoni: mafiga baridi, hakuna chungu, yeye amejibanza ukutani, kiganja mdomoni, akisikiliza. Ndani, sauti ndogo ilijikokota, "Fi-si a-ka-i-ngi-a." Mama akaniashiria ninyamaze. Nikarudi bila moto, nikinyata kama anayepita mbele ya wanaosali. Nyuma yangu Elieth akaita, "Mama, usije kwanza."