Kozi ya Kumi

Sina shahada ya uzamili. Nimeiandika sentensi hiyo nikaiangalia kwa muda, nikitegemea itaniuma. Haikuniuma. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimelikana jambo hilo mbele ya wahariri, mashemeji, na mchungaji mmoja aliyeniuliza kwa nia njema tu. Uhandisi wa mitambo, mkondo wa anga: ndivyo nilivyojitambulisha, na kwa kuwa milima yetu ya Usambara haina ndege wa chuma, hakuna aliyewahi kuniomba nithibitishe.

Nilibakiza kozi moja. Programu ilidai kozi kumi na tasnifu: nne za lazima kwa kila mtu, mbili za hisabati, na nne za kuchagua mwenyewe ndani ya mkondo wako. Tasnifu niliitetea vizuri, mtahini mmoja hata akanipa mkono. Wiki mbili baadaye karani wa masomo ya uzamili alifungua faili langu, akaweka kidole kwenye kozi ya kumi, Mtetemo wa Mitambo, akaniuliza niliisoma lini. Nilikuwa nimeisoma mwaka wa nne wa shahada ya kwanza, niliporuhusiwa kukaa darasani na wakubwa, na alama zake zilishahesabiwa kule. Kozi moja haihesabiwi katika shahada mbili. Kanuni hiyo ilikuwa ukurasa wa pili wa mwongozo wa wanafunzi. Mimi niliyeweza kueleza kwa nini bawa la ndege hutetemeka, sikuwa nimefika ukurasa wa pili.

Kozi nyingine ingefundishwa muhula uliofuata. Miezi minne, basi. Lakini siku ile ya kutetea tasnifu nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani kusema nimemaliza, na mama alikuwa ameshapeleka jina langu usharikani. Kwetu mtoto akimaliza chuo familia hutoa shukrani. Mnapita mbele ya madhabahu na mazao yenu, na baada ya ibada mazao hayo hunadiwa hapo nje ya kanisa. Tulipeleka karoti, kabichi na jogoo mwekundu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alimnyanyua yule jogoo juu ya kichwa chake.

“Huyu ni jogoo wa masta ya ndege,” alisema. “Msimwone hivi, anaruka mpaka Ulaya.”

“Basi mfunge miguu,” alisema shangazi yangu, “asije akaondoka kabla ya mchana.”

Watu walicheka, nami nikacheka. Hakuna aliyepandisha dau la kutosha, nikamnunua mwenyewe. Tulimla siku hiyohiyo, na mama akanipa paja.

Baada ya hapo ningesema nini? Kwamba Mungu ameshukuriwa mapema? Nilijiambia nitarudi chuoni kimyakimya, nimalize, na ukweli utaufikia uongo njiani. Kisha gazeti moja likanipa kazi ya kuandika makala, muhula ukaanza bila mimi, na uliofuata pia. Sikuamua kuacha. Niliendelea tu kutorudi.

Mwaka huu nimehamia Lushoto, karibu na mama, na hapo ndipo jambo lilipoamka. Chuo kidogo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kufundisha siku mbili kwa wiki. Mama anaimba kwaya moja na mke wa mkuu wa chuo hicho, akanitaja bila kuniuliza. Mkuu alinipokea kwa heshima kubwa, akasema nafasi ni yangu, nilete tu vyeti.

Nilikiandikia chuo changu cha zamani kuuliza kama naweza kusoma ile kozi moja kwa mtandao. Mratibu wa uzamili, binti ambaye nadhani alikuwa chekechea nilipotetea tasnifu, alijibu kwamba atalipeleka ombi langu kwenye kamati. Nikangoja. Nilidhani nitakosa usingizi, lakini nililala vizuri, nikala vizuri, nikapalilia maharage na mama kwenye shamba letu la mteremkoni. Kila alipouliza ninaanza lini kufundisha nilimjibu kwamba vyeti bado vinashughulikiwa. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kuhusu suala hilo.

Simu ililia Alhamisi asubuhi, tukiwa barazani kwake tunachambua mboga. Mama ana sheria yake: simu ikiingia nyumbani kwake huwekwa spika, kila aliyepo asalimiwe. Ningeweza kuinuka na kwenda hadi mwisho wa ua. Niliiona namba, nikaijua, nikabonyeza spika.

Mratibu aliniamkia, nikaitikia. Nikamwambia nipo na mama yangu, akamwamkia naye, na mama akamshukuru kwa kumsomesha mwanawe. Kisha yule binti akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi, kwamba kamati imekaa. Kozi zangu tisa zimepita muda wake na hazihesabiki tena. Nikitaka shahada, nianze zote kumi upya.

Nilisema nimeelewa. Mikono yangu iliendelea kunyofoa majani ya mnavu, jani moja moja, kama ya mtu mwingine.

Mama alisogea karibu na simu. “Mjukuu wangu, kwa hiyo huyu hakumaliza?”

“Hakumaliza, bibi. Alibakiza kozi moja.”

“Tangu wakati ule?”

“Tangu wakati ule, bibi.”

Mama aliniangalia. Uso wake haukuonyesha kitu, na wangu nadhani haukuonyesha kitu pia.

“Haya,” aliiambia simu. “Ahsante kwa kuniambia wewe.”