Tano za Perrine

Perrine, mshona magauni wa mtaa wetu hapa Paris, hakuandika vipimo maisha yake yote. Akihitaji kitambaa cha gauni alimwambia mwenye duka "tano" tu, na kwa miaka thelathini, tano hizo zilimtosha. Zilikuwa tano za aune, fimbo ya kale ya kupimia iliyomfika kifuani.

Kisha ikaja mita. Eti wataalamu walipanda minara ya makanisa miaka saba, wakaipima nchi kutoka bahari hadi bahari, wakakisia mwendo wa kutoka ncha ya dunia mpaka ikweta, wakaugawa mara milioni kumi. Kipande kimoja ndicho mita. Mimi jirani yake nimeelezwa mara nne na kichwa bado kinanizunguka.

Ikabaki siku moja Sidonie, bintiye wa pekee, aolewe. Perrine alikuwa ameshakata mikono na kifua cha gauni la harusi ndipo akaona sketi haifiki chini. Tukakimbia dukani.

"Mwananchi Perrine, uliomba tano, nimekupa tano," akasema Tancrède, mwenye duka.

"Tano gani zinazoishia magotini?"

"Za mita. Ndiyo sheria sasa. Wamepima dunia nzima, mama!"

"Na Sidonie wangu walimpima lini?"

"Umepungukiwa karibu mita moja. Na kitambaa kile cha buluu kimekwisha, hata uzi sina."

Nilimwonea Perrine huruma, maana alirudi nyumbani akaishika fimbo yake kama kitu kigeni. Akapima, akapima tena, hakuiamini. Mwishowe akafungua kasha, akatoa gauni lake la harusi, la buluu pia, lile alilolitunza azikwe nalo kama mama yake na bibi yake. Akalibeba mpaka kwenye ukuta wa mtaa wa Vaugirard, palipobandikwa mita ya marumaru ili kila mtu apime. Akalinyoosha juu ya jiwe, akakata palepale, watu wakimtazama.

Asubuhi Sidonie akauona ukanda wa buluu iliyopauka kwenye pindo.

"Mama, hili si gauni lako?"

"Ndilo."

"Sasa tutakuzika na nini?"

"Na kilichobaki. Sijui ni kiasi gani, mwanangu, sijui tena kiasi cha kitu chochote. We vaa, twende."

Sidonie akainama, akalishika lile pindo, na hatukuweza kumwinua upesi.